Sikio la Kukodi

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya mafundi sauti chipukizi waliokusanyika kujifunza kuchanganya muziki, yaani kuzipanga sauti zilizorekodiwa mbalimbali ziwe wimbo mmoja. Nafasi zilikuwa chache na wengi walibaki nje, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka.

Ndugu zangu, mafundi wenzangu, na ninyi wadogo zangu mnaoanza: asanteni kwa kuja, na asanteni kwa kuzima simu.

Nataka nianze na pumzi.

Miaka yangu ya mwanzo nikiwa fundi wa kujitegemea, mwimbaji mmoja alinitumia wimbo nimchanganyie. Ulikuwa wimbo wa taratibu: gitaa moja, besi, ngoma zilizopapaswa kwa brashi, na sauti yake. Nilitaka aone kwamba amempata fundi kweli. Nikaisafisha ile sauti kama mtu anayepalilia shamba asiloliamini. Kila pumzi niliyoikuta kati ya mstari na mstari nikaikata. Kila mlio wa ulimi na midomo nikaukata. Nilimaliza siku nzima. Ukiitazama kwenye skrini ilipendeza: vipande vimepangika, katikati yake kimya kitupu. Nikampelekea.

Akanipigia jioni. Hakuwa na hasira. Aliniuliza swali moja tu: "Huyu anayeimba, mbona hapumui?"

Nikaanza kumweleza habari za usafi wa sauti. Aliniacha nikamaliza, kisha akasema, "Rudi pale kabla ya ubeti wa tatu. Pale nilivuta pumzi kwa sababu nilikuwa karibu kushindwa kuendelea. Wimbo wangu uko hapo."

Nikarudi kwenye faili la kwanza. Nikaisikiliza ile pumzi peke yake. Ilikuwa fupi, nusu sekunde hivi, tena imekatika katikati kama ya mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Na baada yake, neno la kwanza la ubeti wa tatu lilikuja na uzito ambao kwenye kazi yangu haukuwepo. Neno lenyewe sikuwa nimeligusa. Nilichoondoa ni kile kilicholitangulia.

Sasa niwaulize. Sikuwa na masikio? Nilikuwa nayo. Sikuwa na vifaa? Nilikuwa navyo. Basi nilipotea wapi? Nilipotea kwa sababu siku ile nzima nilikuwa nasikiliza mawimbi, na mwenye wimbo sikumsikiliza hata mara moja.

Watu huniuliza kazi yako hasa ni nini. Nawajibu: nimekodisha masikio. Msanii amekwishausikia wimbo wake mara mia tano. Aliusikia akiutunga, akaurekodi, akaurudia mpaka sasa hausikii tena. Anasikia kumbukumbu zake tu. Ananikodi nimsikilizie. Na kuna mwingine, yule atakayekuja kuusikiliza barabarani kwa simu, ambaye hayupo chumbani na hataniandikia kamwe. Na yeye namsikilizia. Watu wawili wanakaa ndani ya sikio langu, na mimi mwenyewe ni wa tatu. Yote nitakayosema leo, ya mitambo, ya wateja na ya fedha, yanatoka hapo.

Tuanze na masikio yenyewe, kwa kuwa ndiyo mtaji wetu na hayana vipuri.

Kuna usiku nilichanganya wimbo wa kuchezeka mpaka alfajiri. Spika nilikuwa nimezifungulia kiasi kwamba meza ilitetemeka. Besi ilijaa, kiki, ile ngoma kubwa ya chini, ilipiga kifuani, nikalala nikiwa na furaha. Nikaamka, nikaufungua kwa sauti ya chini nikiwa nafagia chumba. Besi iko wapi? Haipo. Kiki iko wapi? Inagonga kama kidole mezani. Nilidhani nimefungua faili lisilo lenyewe. Faili lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni mkono wangu kwenye kitufe cha sauti.

Jambo hili lina maelezo, na si mapya. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu huko Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote kwa usawa. Sauti ikiwa ndogo, sikio linapoteza besi kwanza, na kwa kiasi fulani zile nyembamba za juu kabisa. Ukiongeza sauti, besi inarudi bila mtu kuigusa. Kwa hiyo mimi usiku ule niliipima besi kwa sikio lililokuwa linaongezewa na makelele, nikaona imetosha. Haikutosha. Spika kubwa zilikuwa zinanikopesha.

Je, ufanye nini? Chagua kiwango kimoja cha sauti, kile ambacho wewe na aliyekaa pembeni mnaweza kuzungumza bila kupaza, na ufanyie hapo sehemu kubwa ya kazi. Kitie alama kwenye kitufe. Panda juu dakika mbili uone kama wimbo unachezeka, kisha shuka. Halafu shuka tena, chini kabisa, mpaka wimbo uwe kama unatoka chumba cha pili. Pale chini, sauti ya mwimbaji bado inasomeka? Sneya, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, ipo? Kilichobaki kikisikika ndicho wimbo wako ulichokiweka mbele, upende usipende.

Kuna sababu nyingine ya kushuka, na hii naisema polepole. Wataalamu wa afya kazini nchini Marekani, kwenye taasisi ya NIOSH, wanaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila ukiongeza desibeli 3, muda unagawanywa kwa mbili. Desibeli 88 ni saa 4. Desibeli 94 ni saa 1. Desibeli 100 ni dakika 15. Dakika 15, jamani! Kuna wimbo gani mliowahi kuuchanganya kwa dakika 15?

Namjua fundi aliyenitangulia kazini, mtu ambaye nilikuwa nikiiga hata namna anavyokaa kwenye kiti. Siku moja aliniita studio kwake. Nilidhani anataka kunionyesha kitu. Akanikalisha kwenye kiti chake, akapiga wimbo, akaniuliza taratibu, "Haihati imezidi au imepungua? Mimi siwezi kujua tena. Kuna filimbi sikioni, upande wa kushoto, inapiga pale pale." Nilimwambia haihati, yale matoazi ya ngoma, imezidi kidogo. Akaishusha, akaniangalia usoni aone kama nimeridhika. Ile namna alivyoniangalia sijaisahau. Tangu siku ile, kila saa moja ya kazi napumzika dakika kumi, nje, bila hedifoni. Naomba na ninyi mfanye hivyo kuanzia leo, mkiwa bado mnasikia kila kitu.

Nimesema wa pili ninayemsikilizia ni yule asiyekuwepo chumbani. Tumjadili huyo.

Mwaka 1978 kampuni ya Yamaha ilitoa spika ndogo ya nyumbani, NS-10. Kama spika ya kuburudika sebuleni haikupendwa sana. Lakini mafundi waliichukua, wakaiweka juu ya meza za kuchanganyia, na ikakaa huko kwa zaidi ya miaka ishirini mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001. Mnamjua Bob Clearmountain, Mmarekani, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kujenga jina kwa kuchanganya tu, akihama studio hadi studio? Yeye ni mmoja wa walioieneza. Kwa nini fundi mwenye spika kubwa za bei mbaya ukutani achanganye kwa kijispika cheusi chenye uso mweupe? Kwa sababu haina besi ya kumdanganya, na eneo la katikati, pale sauti ya binadamu inapokaa, inalitoa bila huruma. Kazi ikisikika vizuri pale, ilisikika vizuri popote.

Hilo nimelijua kwa kuumia. Nilimchanganyia kijana mmoja wimbo ambao moyo wake wote ulikuwa mstari wa besi. Studio tulifurahi wote wawili. Siku tatu baadaye ananipigia, sauti imemwishia: amewapigia rafiki zake kwenye simu, na besi haipo kabisa. Nikaupiga kwenye simu yangu. Kweli, haipo. Wimbo umebaki ngoma na mtu anayeimba hewani.

Sikilizeni, maana hapa pana faida. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne ina takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kuitoa, hata ukiongeza mpaka kompyuta iungue. Kosa letu la kawaida ni kuongeza, na mimi niliongeza. Kilichotokea ni kwamba spika kubwa zikaanza kunguruma na simu haikubadilika hata kidogo. Dawa yake iko juu. Noti ile ya 41 ina watoto wake, sauti za juu zinazolia pamoja nayo: 82, 123, 164, 205 na kuendelea. Ubongo wa msikilizaji ukiwasikia watoto, unamrudisha mzazi wenyewe, unaisikia noti ya chini ambayo spika haikuitoa. Kwa hiyo nilitengeneza nakala ya pili ya besi, nikaikata yote ya chini, nikaisukuma kwenye plagini, programu ndogo ya kubadilisha sauti, mpaka ikaanza kukwaruza, kisha nikaichomeka chini ya ile ya kwanza, kidogo tu. Ukiipiga peke yake inatisha, kama redio iliyopasuka. Ukiiweka ndani ya wimbo, hujui kama ipo. Ukiizima, besi inatoweka kwenye simu. Yule kijana alipoisikia hakuuliza nimefanya nini. Alisema, "Imerudi."

Ndiyo maana pale mezani kwangu kuna spika moja ndogo, moja tu, ya mono, sauti zote zikitoka mahali pamoja. Stirio inaficha ugomvi. Gitaa likiwa kushoto na kinanda kulia hugundui kwamba wanapigania nafasi moja. Waweke wote mlango mmoja uone nani anamkanyaga nani.

Na hapo naingia jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote ya kiufundi: kupunguza.

Huko Kingston, Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwepo fundi wa redio na vikuza sauti aliyeitwa Osbourne Ruddock. Dunia inamjua kama King Tubby. Hakuwa mwimbaji. Alikuwa na meza ya kuchanganyia, mashine za mwangwi, na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na wengine. Yeye alitoa. Alitoa sauti ya mwimbaji, akaacha neno moja likielea. Alitoa gitaa, akaliacha lirudi kwa mpigo mmoja na kupotea. Ngoma na besi zikabaki zimesimama katikati ya uwanja mpana. Kwa kutoa tu, watu wakaona kitu kipya kimezaliwa, wakakiita dub. Mimi namhesabu kuwa mwalimu wetu sote, hata wewe usiyewahi kuusikia muziki wake, kila unaposhusha feda, kile kitelezi cha sauti, ili kingine kisikike.

Wengi mnanitumia kazi zenu niwasaidie. Chaneli 90. Juu ya kila chaneli plagini sita. Nikiuliza hii ya nne inafanya nini, naambiwa inaongeza uhai. Uhai wa nini? Gitaa, kinanda, waitikiaji na sneya vyote vimejaa kati ya hezi 200 na 400, na pale vikijaa, wimbo unakuwa kama unasikika kupitia blanketi. Kuongeza juu hakutoi blanketi. Shusha feda zote hadi chini. Inua sauti ya mwimbaji. Inua kiki na besi. Kisha kila unachoinua kiulize: umekuja kufanya nini? Kisichojibu kibaki chini mpaka kitakapoitwa.

(Kuna dada alinyoosha mkono hapa akauliza: na kama mwenye wimbo anakipenda hicho kisichojibu? Nilimwambia swali lake ndilo sehemu inayofuata.)

Zamani mafundi walikuwa waajiriwa wa studio. Msanii alikuja, akakaa kwenye kochi nyuma yako, akakunja uso ukikosea. Leo faili zinakuja kwa intaneti, unazifanyia kazi peke yako chumbani, na uso wa mtu huuoni. Tumepata uhuru, tumepoteza uso. Ule uso ulikuwa chombo muhimu kuliko kompresa yoyote ya kubana sauti.

Kwa hiyo lazima tutafute namna nyingine ya kuuona. Mimi naanza na ile demo, mchanganyo wa haraka ambao msanii au prodyuza aliufanya mwenyewe. Wapo mafundi wanaoidharau, hawaifungui kabisa, wanasema inawaharibia mawazo. Naomba mniamini: demo ni barua. Ndani yake mtu amekuandikia anachokipenda bila kujua anaandika. Mwangwi mkubwa kupita kiasi kwenye waitikiaji? Pengine hiyo ndiyo sababu anaupenda wimbo. Ameusikiliza hivyo miezi mitatu. Ukimletea kazi safi isiyo na mwangwi ule, atakuambia haijakaa sawa, na hataweza kukuambia kwa nini.

Ilinikuta. Kikundi kimoja kilinirudishia wimbo mara tisa. Mara ya kwanza: "Haina joto." Nikaongeza eneo la chini. "Sasa ni nzito." Nikapunguza. "Imekuwa baridi tena." Mara ya sita nilikuwa nimechoka, nao wamechoka, na ujumbe ulikuwa mfupi mfupi pande zote mbili. Mara ya tisa niliacha kuandika, nikawapigia. Nikawaomba wapige demo yao na kazi yangu, waniambie sekunde ambayo joto linapotea. Wakasema: dakika ya kwanza na sekunde 12. Nikaenda sekunde ile. Unajua kulikuwa na nini? Gitaa la pili lilikuwa limechelewa kidogo nyuma ya mpigo, na mimi, kwa uhodari wangu, nililivuta likae sawa na ngoma. Ule uvivu wa gitaa ndio waliouita joto. Hakuna ikwalaiza duniani ingeuleta. Nikalirudisha nyuma lilipokuwa. Wakanijibu kwa neno moja: "Hapo."

Mnasikia? Mteja akisema joto, akisema uhai, akisema ukubwa, hajakosea. Amekosa istilahi tu, na istilahi ni jukumu letu. Usimbishie neno. Muulize sekunde.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi ni mgeni huyo. Tunaona kilichojificha kwa sababu hatukuzoea nyumba. Lakini mgeni akihamisha vitu usiku bila kuuliza, huyo hajaponya mtu. Kwa hiyo dada yangu, jibu langu ni hili: fanya matoleo mawili. Moja lenye kile anachokipenda, moja bila. Mpelekee yote, usimwambie lipi ni lipi, mpe siku mbili. Nimeona wenye wimbo wakikitoa wenyewe. Na mara kadhaa nimeona nilikuwa nimekosea mimi, nikashukuru kwamba sikukifuta.

Sasa fedha. Najua mlikuwa mnaisubiri.

Kuna mtu nilimfanyia albamu nzima bila karatasi. Tulielewana vizuri mno, tuliongea kama ndugu, nikaona aibu kutaja mkataba. Nyimbo kumi. Nilipomaliza nikamtumia zote za MP3 azisikilize, nikasubiri malipo. Simu ikaacha kupokelewa. Wiki kadhaa baadaye nikazisikia nyimbo zimetoka. Zile zile za MP3 nilizomtumia za kusikiliza. Nilizitambua kwa sababu kwenye wimbo wa nne nilikuwa nimeacha kasoro ndogo mwishoni, mwangwi unakatika ghafla, ambayo nilipanga kuirekebisha kabla ya kukabidhi. Ikatoka hivyo hivyo. Mpaka leo nikiisikia pale inapokatika, naumia mara mbili: kwa fedha, na kwa kazi iliyotoka haijaiva.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo daftari langu sasa linasema hivi, na ninyi lichukueni bure. Arubuni nusu kabla sijafungua faili hata moja. Bei ni kwa wimbo, na ndani yake kuna marekebisho matatu. La nne lina bei yake. Tarehe ya kuanza inahesabiwa siku faili zote zilipofika, zikiwa kamili, zimeanza zote kutoka sekunde sifuri, zina majina yanayoeleweka, WAV za biti 24, yaani sauti isiyobanwa. Za kusikiliza kabla ya malipo zinabeba alama yangu ya sauti. Malipo yakikamilika, nakabidhi wimbo kamili, wimbo bila mwimbaji, sauti za waimbaji peke yake, na mafungu ya ala. Na jina langu linaandikwa kwenye orodha ya waliofanya kazi. Hilo la jina msilionee haya. Huko Marekani, sheria ya mwaka 2018 iitwayo Music Modernization Act iliingiza utaratibu wa prodyuza, mchanganyaji na fundi sauti kulipwa sehemu ya mirabaha ya kidijitali, msanii akiandika barua ya kuelekeza hivyo. Utamwandikiaje mtu barua kama jina lake halipo popote?

Ajabu ni kwamba tangu nianze kutaja karatasi mapema, uhusiano umekuwa mzuri zaidi. Marekebisho yakiwa matatu tu, mteja anasikiliza kwa makini kabla ya kuandika. Anakaa na wimbo siku mbili, anauliza wenzake, ananiletea orodha moja. Mkataba ulimfundisha kusikiliza.

Na nakala. Kila kazi iwe na nakala tatu, mahali pawili tofauti angalau, moja ikiwa nje ya chumba unachofanyia kazi. Diski zinakufa bila kuaga. Tusonge mbele.

Mteja atakuambia: fanya wimbo wangu uwe na kelele kuliko wa fulani. Kwa miaka mingi tulishindana hivyo, tukaibana miziki mpaka haina mlima wala bonde. Siku hizi majukwaa yanasawazisha yenyewe. Spotify kwa kawaida inasawazisha kwenye LUFS −14, Apple Music kwenye −16. LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, na namba ikikaribia sifuri sauti ni kubwa zaidi. Ukiukamua wimbo mpaka −8, Spotify itaushusha desibeli 6, na utakaa kimo sawa na wa jirani yako, ila wako utakuwa umepoteza mipigo yake njiani. Usimhubirie mteja mambo haya. Mshushie wimbo uliokamuliwa mpaka ulingane na ule uliopumua, mpigie yote mawili, nyamaza. Atachagua mwenyewe.

Ule uliopumua. Nimerudi kwenye pumzi.

Yule mwimbaji tumefanya kazi pamoja tangu siku ile, na ameniridhia nipige ule wimbo leo. Nimebakiwa na dakika nne, na wimbo wenyewe ni dakika nne kasoro. Nitaupiga kwenye spika hii moja ndogo, kwa sauti ya chini, kwa hiyo walioko nyuma sogeeni mbele. Kuna nafasi hapa sakafuni. Ubeti wa tatu unaanza dakika ya pili na sekunde 11. Tafadhali, mmoja wenu atuzimie feni.